Namna ya Kuendelea Kutumia Windows 7 kwenye Kompyuta ya Zamani

Kompyuta ninayoizungumzia hapa wengi mnaijua. Ni ile ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika ofisini Ulaya, na ambayo leo imekaa kwenye duka la steshenari ikiwa imeunganishwa na printa na skana za rika lake. Inachapa barua za maombi ya kazi, inaskani vyeti, inatoa kopi za vitambulisho, na mwenye duka haoni sababu ya kuitupa. Mimi pia siioni. Windows 11 haimfai: mbali na sharti la TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, tangu toleo la 24H2 mfumo huo unadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, hivyo hautawaka hata ukiulazimisha. Windows 10 itaingia, lakini kwa RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka mteja atachoka kusubiri, na isitoshe msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Linux, mfumo endeshi wa bure, ni njia nzuri, nami nitaigusa mwishoni. Hata hivyo, mara nyingi kinachomfunga mwenye duka si kompyuta yenyewe, ni skana ambayo aliyeitengeneza aliacha kuiandikia draiva mpya, yaani programu ya kukiwezesha kifaa kufanya kazi na Windows, baada ya Windows 7.

Basi kama umeamua kubaki, ni vyema ujue unabaki na kitu gani. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020. Makampuni yaliyolipia nyongeza yalipewa hadi Januari 2023. Mfumo haukuharibika siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na wanaoyatafuta matundu hayo wanajua kwamba hakuna atakayeyaziba. Tarehe 12 Mei 2017, vairasi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya watu duniani kote, zikiwamo kompyuta za hospitali za Uingereza, sehemu kubwa ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ingawa kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huo. Mlango ilioingilia ulikuwa huduma ya kushirikishana mafaili kwa itifaki ya zamani ya SMB1, huduma ambayo duka lenye kompyuta moja halina kazi nayo hata kidogo. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: kompyuta ya zamani hailindwi kwa kuongezewa programu za ulinzi, inalindwa kwa kupunguziwa kazi.

Kwanza amua kazi zake

Chukua karatasi uandike kazi ambazo kompyuta hiyo itafanya, ukianza na zile ambazo haiwezekani kuzifanyia kwingine. Kwa duka la steshenari orodha ni fupi: kuandika, kuchapa, kuskani, kutoa kopi. Kisha andika zile ambazo haitazifanya tena, nazo ni kila kazi inayohitaji nywila ya mtu. Kujaza maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania), kufungua akaunti ya Ajira Portal (tovuti ya maombi ya kazi za serikali), kuingia kwenye barua pepe au benki, vyote hivi vihamishiwe kwenye simu ya kisasa au kompyuta mpakato iliyo mpya zaidi. Najua wateja wengi huja dukani kwa ajili ya kazi hizo hasa, na mwenye duka ataona ninampunguzia riziki. Lakini kijana anayekuandikia nywila yake kwenye kipande cha karatasi amekuamini wewe, hakuuamini mfumo uliokwisha kuachwa na mwenyewe.

Kupiga Windows upya bila kupoteza draiva

Kama kompyuta imekuwa ikitumika miaka mingi bila kusafishwa, naona ni afadhali kupiga Windows upya, yaani kuiweka tena kuanzia mwanzo, kuliko kuanza kutafuta vairasi mmoja mmoja. Kabla ya kufomati, hamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, halafu fanya jambo ambalo mafundi wengi hulisahau na kulijutia: nakili folda ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository nzima. Humo ndimo Windows inamohifadhi draiva ilizowahi kuwekewa, pamoja na ile ya skana ambayo huenda tovuti ya mtengenezaji ilishaiondoa. Baadaye, kompyuta itakapokuomba draiva, utaielekeza kwenye nakala hiyo nayo itajichagulia. Angalia pia kama Windows iliyopo ni ya biti 32 au 64, kwa sababu skana nyingi za miaka hiyo zina draiva ya biti 32 peke yake. Ukipiga ya biti 64 kwa kufuata mazoea, utakuwa umeiua skana kwa mkono wako.

Diski ya kupigia iwe safi. Zile DVD za mtaani zenye Windows za kila aina, ambazo huja zimekwisha kukrakiwa (kuvunjwa kinga ya leseni), zimebadilishwa na watu usiowajua, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kilichopachikwa ndani. Kompyuta nyingi za ofisini zina stika yenye ufunguo wa leseni ubavuni au juu ya kasha. Isome kabla haijafutika, uipige picha.

Windows ikishakaa, masasisho yana mpangilio wake, na hapa ndipo watu hukwama siku nzima. Mwaka 2019 Microsoft iliacha kutia saini ya kidijitali ya uhalali kwenye masasisho yake kwa njia ya zamani ya SHA-1 ikabaki na SHA-2, na Windows 7 iliyotoka kwenye DVD ya zamani haiitambui saini hiyo mpya. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta masasisho moja kwa moja, itazunguka weee kisha ikutupie kosa namba 80072EFE. Dawa yake ni kushusha mambo matatu kwa kutumia kompyuta nyingine kutoka katalogi ya masasisho ya Microsoft, kuyaweka kwenye flashi, na kuyaingiza kwa utaratibu huu bila kuuvuruga: kwanza Service Pack 1 (kifurushi kikubwa cha masasisho) kama haimo, pili sasisho namba KB4490628, tatu sasisho namba KB4474419. Zima kompyuta, iwashe, ndipo utafute masasisho kwa njia ya kawaida. Yale yaliyotolewa hadi Januari 2020 ni mengi, kwa hiyo fanya kazi hiyo usiku ukiwa na bando la kutosha.

Yakimalizika, weka programu chache unazozihitaji, hakikisha printa na skana zinafanya kazi, kisha kabla mtu mwingine hajaigusa, nenda Control Panel, fungua Backup and Restore, utengeneze picha ya mfumo mzima kwenye diski ya nje. Siku kompyuta itakapovurugika utairudisha kwenye hali hiyo kwa muda mfupi bila kuanza upya. Choma pia CD ya kuwashia ambayo programu hiyo hiyo inakupa, kwa sababu picha ya mfumo bila njia ya kuifikia haina msaada.

Milango ya kufunga

Chomoa waya wa mtandao. Kwa kompyuta ambayo kazi yake ni kuchapa, hatua hiyo moja inazidi antivairasi yoyote utakayonunua. Hata hivyo waya huweza kurudishwa na mtu asiyejua, kwa hiyo funga na vilivyo ndani. SMB1 kwenye Windows 7 haizimwi kwa kuondoa alama ya vema kama kwenye matoleo yaliyofuata. Unaingia kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, katika HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Parameters, unatengeneza thamani ya DWORD iitwayo SMB1 na kuipa sifuri, kisha unawasha kompyuta upya. Zima pia huduma ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali (Remote Desktop), kwa sababu tundu la BlueKeep la mwaka 2019 lilipitia hapo. Ondoa Java na Flash Player ambayo Adobe iliiacha mwishoni mwa 2020. Mfungulie anayekaa dukani akaunti ya kawaida, na akaunti ya msimamizi ibaki na nywila ambayo hana.

Flashi za wateja ni habari nyingine. Kwenye duka la steshenari adui hupita mlangoni akiwa mkononi mwa mwanafunzi anayetaka kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Utamtambua kwa dalili moja: unafungua flashi unakuta folda zote zina kimshale kidogo kwenye kona ya ikoni, na ukubwa wake ni KB chache tu. Folda halisi zimefichwa, na hivyo unavyoviona ni njia za mkato zitakazoamsha vairasi mara tu utakapobonyeza. Usibonyeze chochote. Fungua dirisha la amri, na kama flashi imesomeka kwa herufi F, andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha subiri. Folda za mteja zitajitokeza, nawe utafuta vile vimshale pamoja na faili lolote la ajabu lenye mwisho wa .vbs au .exe. Ili uyaone mafaili hayo kwa majina yake kamili, ondoa kwanza ule mpangilio wa Windows unaoficha miisho ya majina, na uzime kabisa AutoPlay, ile inayofungua flashi yenyewe ikichomekwa.

Njia iliyo bora kuliko kusafisha ni kutoichomeka flashi ya mteja kwenye kompyuta kabisa. Simu nyingi za Android husoma flashi kupitia kiunganishi kidogo cha OTG, na vairasi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haiwezi kuamka ndani ya simu. Unafungua flashi kwenye simu, unachagua hati moja inayotakiwa, unaihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa USB, unachapa, unaifuta. Mteja aliyetuma hati kwa WhatsApp anapita njia hiyo hiyo. Mwanzoni utaona ni usumbufu; baada ya wiki mkono unazoea.

Ikilazimika kuingia mtandaoni

Kuna siku itabidi. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, mwanzoni mwa 2023, na Internet Explorer usiiguse. Firefox ina toleo la muda mrefu, ESR 115, ambalo Mozilla iliendelea kulitolea viraka kwa ajili ya watumiaji wa mifumo hii ya zamani kupita muda uliopangwa awali. Tumia hilo, weka kizuia matangazo, usihifadhi nywila yoyote ndani yake, na ukimaliza chomoa waya.

Kosa litakalokusumbua zaidi mtandaoni halihusiani na mfumo endeshi. Niliwahi kuitwa na mama mmoja mwenye duka. "Fundi, Google imenigomea tangu asubuhi, na jana ilikuwa nzima." Nikamwambia, "Shikamoo mama, hebu nione saa ya kompyuta." Kwenye kona ya chini tarehe ilisoma Januari 2009. Kila tovuti yenye ulinzi huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 itaona kila cheti bado hakijaanza, kwa hiyo itakataa. Betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika usiku, saa ikapotea. Betri hiyo huuzwa hata kwenye maduka ya saa. Kabla ya kuibadilisha kwenye kompyuta ambayo bado ni nzima, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka) upige picha ya mpangilio wa SATA, yaani namna kompyuta inavyosoma diski, kama ni AHCI au IDE, kwani betri ikitoka mpangilio huweza kurudi ulivyotoka kiwandani, na Windows ikakupokea kwa skrini ya bluu yenye kosa 0x0000007B. Watu wamefomati diski bure kwa kosa hilo, kumbe lilihitaji kurudisha neno moja mahali pake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120 na uiweke kabla ya kupiga Windows, BIOS ikiwa kwenye AHCI. Kitu cha pili kiwe RAM kufikia GB 4, ukijua kwamba Windows ya biti 32 haitaitumia yote. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi michache, na UPS ndogo itakuokolea diski pale umeme unapocheza.

Weka kumbukumbu ya jambo moja zaidi. Unabaki na Windows 7 kwa sababu ya skana. Siku skana hiyo itakapokufa, usitafute nyingine ya aina yake mnadani. Tengeneza flashi ya Linux Mint toleo la Xfce, iwashie kompyuta bila kugusa diski, unganisha printa yako na skana utakayoazima kwa jirani, uchape ukurasa mmoja na kuskani mmoja. Kurasa hizo mbili zikitoka, piga Mint siku hiyo hiyo, na ile picha ya mfumo wa Windows 7 uliyoitengeneza iache kwenye diski ya nje kwa miezi michache kabla ya kuifuta.