Mzee gani wodini apewe mtu wa kumpa kampani? Namna ya kuchuja

Nyie mnaopanga volantia wa kukaa na wazee wodini, msianze na yule anayepiga kelele. Huyo kila nesi anamjua. Anza na yule katulia tuli, kageukia ukutani, chakula hajagusa, watu wanapita wanasema huyu mzee hasumbui kabisa, kumbe kuchanganyikiwa kwa ghafla, ile madaktari wanaita diliriamu, mara nyingi kunamjia mtu kimyakimya hivyo hivyo, anasinziasinzia tu na hamna anayestuka.

Kila asubuhi chukua listi ya waliolazwa, weka alama kwa wenye miaka 70 kwenda juu. Hiyo 70 ndo inatumika kwenye HELP, programu ya kuwakinga wazee waliolazwa wasipate diliriamu, aliyoianzisha daktari Sharon Inouye kule Yale, Marekani. Utafiti wao wa 1999 ulikuwa na wagonjwa 852, waliopewa huduma 9.9% ndo walipata diliriamu, wenzao 15%. Ila ilisaidia kuzuia, mtu akishaanza kuchanganyikiwa haikuleta tofauti kubwa, kwahiyo mwone ndani ya saa 48 tangu alazwe, usingoje wiki.

Ukifika kitandani mwamkie vizuri, vuta kiti ukae, usimsimamie kichwani kama askari. Kabla ya swali lolote angalia miwani iko wapi na kifaa cha masikio kiko wapi, maana wengi wanaandikwa wamechanganyikiwa kumbe hawajasikia swali, miwani imebaki nyumbani kwenye kabati. Halafu uliza ana miaka mingapi, kazaliwa lini, hapa tuko wapi, mwaka huu ni upi. Kisha ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba, kwenye 4AT, kipimo kifupi cha kugundua diliriamu, akifikisha miezi 7 bila kukosea, kwa swali hilo yuko sawa. Mzee ambaye hakusoma, au hajawahi kujua tarehe yake ya kuzaliwa, usimhukumu kwa hayo. Kwake swali la maana ni lile unalomuuliza ndugu yake, hivi ndivyo alivyo siku zote au kabadilika juzi hapa? Mimi ningeambiwa nibaki na swali moja tu, ningebaki na hilo.

Huku mnaongea macho yafanye kazi. Glasi ya maji bado imejaa? Midomo imekauka? Anaweza kutoka kitandani hadi kwenye kiti? Usiku alilala? Akiwa na hata shida moja kati ya hizo, au macho, masikio, kumbukumbu, mwandike.

Ndugu wakikwambia kabadilika ghafla, usijaze fomu ukaondoka, mwambie nesi au daktari saa hiyo hiyo, inaweza kuwa infeksheni au dawa mpya au mkojo umeziba, na kampani haitibu hayo.

Wa kuwaacha ni aliyepoteza fahamu, aliye kwenye mashine ya kupumua, aliyetengwa kwa maambukizi, anayepiga watu, na anayeruhusiwa kesho. Anayekaribia kufariki naye anahitaji mtu, ila awe aliyefundishwa hilo hasa.

Kwenye fomu ya volantia andika vitu vya kutumia. Sio "mzee 78, upweke", andika "sikio la kulia ndo linasikia, anapenda kuongelea mpira, maji asipewe mpaka nesi aseme anameza vizuri, asiinuliwe na mtu mmoja".

Na muulize mwenyewe kama anataka mtu! Wengine hawataki, sawa tu, rudi kesho umuulize tena.

Kuhusu familia, usidanganyike na idadi ya watoto. Mwenye watoto nane anaweza kushinda peke yake kuliko asiye na mtoto, wote wakidhani mwenzao ameenda. Uliza nani atakuwepo jioni giza likianza kuingia, maana hapo ndo wengi wanaanza kuchanganyikiwa, na asipotajwa mtu kwa jina, weka volantia wa saa hizo.