Kulala hemani Naivasha na mtoto mdogo

Safari ya hema na mtoto mdogo huharibikia usiku, mnamo saa tisa, wakati baridi ya ardhi imeshapenya godoro. Mtoto mmoja akiamka analia, kambi nzima imeamka. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye malazi na kupita haraka kwenye michezo. Maelezo haya ni ya familia yenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitano, inayokwenda kulala usiku mmoja au mbili kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, au ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iliyo jirani. Mtoto wa chini ya hapo ana kanuni zake za kulala salama, hasa kuhusu mablanketi yaliyolegea, na hema la baridi si mahali pa kuzijaribu.

Naivasha huwahadaa watu. Mchana jua linachoma na kila mtu yuko na fulana. Lakini ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku, hasa Juni hadi Agosti, joto hushuka hadi nyuzi 8 hivi, mara nyingine chini yake. Fungasha kwa ajili ya usiku kwanza, kisha mchana utatoshea penye nafasi.

Mahali pa kulala

Kando ya barabara ya Moi South Lake kuna kambi nyingi za watu binafsi zenye choo, maji ya bomba na ua wa umeme upande wa ziwa. Ndani ya Hell's Gate kuna viwanja vya hema kama Naiberta, Ol Dubai na Endachata. Ni vizuri sana, lakini havina ua, na maji ni afadhali uende nayo mwenyewe. Kwa mara ya kwanza na mtoto, chukua kambi yenye ua. Viboko hutoka ziwani giza likiingia kuja kula nyasi, na hiyo bustani nzuri ya kijani mbele ya maji ndiyo malisho yao. Uliza kwa simu kabla ya kulipa: ua unawashwa saa ngapi, na je, eneo la hema liko ndani yake? Kambi nyingine zina ua unaolinda mkahawa tu.

Ukiingia Hell's Gate, ada hulipwa kwa mtandao, hivyo maliza malipo nyumbani mtandao ukiwa imara. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa Kenya: chupa za maji, vikombe, sahani na mirija. Beba jerikeni la lita 20 na chupa ya chuma ya mtoto.

Hema lijaribiwe nyumbani

Watengenezaji huhesabu watu wakiwa wamebanana bega kwa bega. Wazazi wawili na mtoto mmoja wanahitaji hema la watu wanne, lenye kibaraza kidogo mbele cha kuwekea viatu na poti. Wiki moja kabla, lisimamishe uani, mwagilia ndoo mbili za maji juu ya mishono, kisha ingia na upapase pembe zote kwa mkono mkavu. Penye unyevu pakaushwe na kuzibwa kwa gundi ya mishono. Halafu mwache mtoto alale humo usingizi wa mchana siku mbili tatu. Mtoto anayelijua hema hashtuki akisikia zipu usiku.

Fikeni saa nane mchana. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na upepo wa ziwa huwa mkali alasiri. Kusimamisha hema katika upepo huku mtoto akishikilia suruali yako ni kazi ya watu watatu. Anayechelewa hufunga kamba vibaya gizani, na mvua humpata hivyo hivyo.

Kabla ya kutandika, piga magoti na upapase ardhi. Miti ya Naivasha ni migunga, na miiba yake hupenya sakafu ya hema, godoro na kandambili. Fagia kwa tawi, kisha kwa mkono wenye glavu. Tazama pia misafara ya siafu; ukiiona, hama mita 20, usibishane nayo. Usilale chini ya tawi kubwa, wala kwenye kibonde ambako majani makavu yamekusanyika, kwani maji ndiyo yaliyoyaleta.

Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. Likichungulia nje, hukinga mvua na kuipeleka chini ya godoro lenu, na asubuhi watu husema hema linavuja. Udongo wa huko ni wa volkano, mlegevu, na vigingi vifupi vinavyokuja na hema hung'oka kwa urahisi. Nunua vya sentimita 25 hadi 30, vipigilie vikiwa vimeinamia mbali na hema, na juu ya vile vya upande wa upepo weka jiwe. Kwenye kila kamba funga kitambaa cheupe usawa wa goti la mtoto. Watoto hukimbia wakiangalia mbele, na kamba ya hema hukata mdomo.

Kitanda, safu kwa safu

Baridi kubwa hutoka chini. Mtu akilala, uzito wake hubana nguo na blanketi lililo chini yake, hewa inatoka, na ardhi inavuta joto la mwili bila kizuizi. Kuongeza mablanketi juu hakusaidii. Tandika hivi: juu ya sakafu ya hema weka mkeka wa sponji ngumu au wa kukunja, kisha godoro la sponji la inchi 3 au 4, kisha blanketi zito, halafu shuka. Godoro la kujaza hewa ni laini lakini ni baridi, kwa sababu hewa iliyo ndani huzunguka na kubadilishana joto na ardhi. Kama ndilo mlilo nalo, weka blanketi la sufi juu yake, chini ya shuka.

Mtoto alale katikati, asiguse ukuta wa hema. Watu watatu wakipumua usiku kucha, mvuke hugeuka matone upande wa ndani wa kitambaa, na mto ulioegemea hapo utalowa. Dawa ni kuacha matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi. Wengi huyafunga yote na kuamka wakiwa wamelowa.

Mfuko wa kulalia wa mtu mzima haumfai mtoto. Nafasi iliyobaki miguuni ni baridi ambayo mwili wake mdogo lazima uipashe, na anaweza kuteleza akazama humo. Kunja sehemu ya chini iende nyuma hadi mfuko ulingane na urefu wake, uifunge kwa mshipi. Bora zaidi ni ovaroli nene ya kulalia yenye mikono, kwani watoto hujifunua.

Mvue nguo zote za mchana, hata chupi na soksi, kwa kuwa zina jasho. Mvalishe fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana, ovaroli au sweta, soksi kavu, na kofia ya sufi isiyo na kamba. Usiku ukitaka kujua kama ana baridi, mguse nyuma ya shingo. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Shingo ikiwa na jasho, punguza safu moja, kwani jasho litakuwa baridi baadaye.

Seti nzima ya nguo kavu, nepi, kitambaa na shuka ya pili vikae katika mfuko mmoja upande wa kichwani unapolala. Kitanda kikilowa saa nane usiku, hutaki kwenda garini. Poti ikae kibarazani, na mtoto apelekwe dakika za mwisho kabla ya kulala hata akisema hana haja. Mtu mzima akilazimika kutoka, afungue zipu kidogo, amulike pande zote kwa tochi ya kichwani na asikilize. Kiboko anayekula nyasi husikika aking'oa majani. Ukimwona, rudi ndani polepole, na usijiweke kati yake na maji.

Jiko la makaa lisiingie hemani, hata lililobaki majivu mekundu kidogo, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake wenye sumu, kaboni monoksaidi, hauna harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi pia lisiingie. Baridi ikizidi mkashindwa, ingieni garini mvae kila kitu, au ondokeni. Mtoto anayetetemeka anahitaji nguo kavu, kinywaji cha moto na kifua cha mzazi. Aliyeacha kutetemeka na kuwa mlegevu anahitaji hospitali mara moja.

Chakula na maji

Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharagwe na githeri hukawia sana kuiva. Vichemshe nyumbani. Mchuzi wa usiku wa kwanza upikwe jana yake, ugandishwe katika kopo lenye kifuniko, na uende kama barafu ya sanduku la baridi. Jioni unapashwa moto na kuliwa kwa chapati, na mtoto analala mapema. Ugali na nyama choma viwe vya siku ya pili, mchana.

Hesabu lita 18 hadi 20 za maji kwa siku kwa watu watatu: lita 8 za kunywa na kupikia, zilizobaki za mikono, vyombo na mtoto. Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi inayodhuru meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi. Usiku jaza chupa ya chai maji ya moto, kwani hema likipata mwanga saa kumi na mbili asubuhi mtoto ataamka, na kikombe cha maziwa ya unga kitakupa muda wa kuwasha jiko.

Hata biskuti moja isilale hemani. Tumbili huijua zipu, na wakishindwa nayo huchana wavu. Chakula chote kikae garini, vioo vikiwa vimefungwa.

Kuzunguka moto, panga mawe kwa duara lenye umbali wa mita 2 kutoka kwenye kuni, na mtoto afundishwe mpaka huo kabla kiberiti hakijawashwa. Ndoo ya maji ikae pembeni. Ajali nyingi hutokea asubuhi, mtoto akikanyaga majivu ya kijivu yenye kaa chini yake. Kabla ya kulala mwaga maji, koroga, mwaga tena, hadi yasitoe mvuke. Mtoto akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, samli na yai huhifadhi joto ndani ya kidonda na kumpa daktari kazi ya kuvisugua, kwa hiyo viache.

Mkoba wa dawa

Kipimajoto, dawa ya maji ya paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kulingana na uzito wa mtoto, pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha), plasta, bendeji, kibano cha miiba na kupe. Pakiti nyingine za ORS ni za nusu lita na nyingine za lita nzima, kwa hiyo soma kabla ya kuchanganya. Zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa macho.

Jioni mpake dawa ya mbu miguuni na shingoni, usimpake mikononi kwani ataitia mdomoni. Kila anapooga, tafuta kupe nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja.

Mchana

Asubuhi, kabla ya saa nne, ndio wakati wa Hell's Gate. Ni miongoni mwa hifadhi chache ambako watu wanaruhusiwa kutembea kwa miguu na baiskeli, na mtoto huona pundamilia na twiga bila kioo katikati. Nyati wapo pia, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono. Kushuka kwenye korongo la Ol Njorowa na mtoto mdogo hatushauri, na mawingu yakiwa meusi popote pale, hata mbali, msishuke kabisa. Mafuriko ya ghafla yameua wageni humo mwaka 2012 na tena 2019, maji yakitoka mvua iliyonyesha kwingine.

Kung'oa kambi

Geuza hema ndani nje juani kwa nusu saa kabla ya kulikunja, huku mtoto akila. Likikunjwa likiwa bichi, huanza kuota ukungu baada ya siku mbili. Ikinyesha siku ya kuondoka, lisokomeze hivyo hivyo kwenye mfuko, kisha litandazwe kwenye kamba nyumbani jioni hiyo hiyo. Likikauka, futa meno ya zipu zote kwa mswaki mkuukuu na maji safi. Vumbi la Naivasha ni laini kama unga, na ndilo linaloua zipu za hema kabla kitambaa hakijachakaa.