Somo: Ndege ikifutwa, hamia treni bila kupoteza nauli

Habari zenu wadau. Ndege ikifutwa, wengi hukimbilia tiketi ya treni kwanza, nauli ya ndege wanaikumbuka baadaye. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Shirika la ndege litamke kwanza. Usifute safari wewe mwenyewe kwenye simu, hata kama kila mtu kwenye foleni anasema ndege haiondoki. Ukifuta wewe, umejitoa kwa hiari, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi fedha. Subiri ujumbe wao, uuhifadhi, kisha piga picha ubao wa safari ukionyesha namba ya ndege na saa.

Ndipo udai. Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inakupa uchaguzi ndege ikifutwa: urudishiwe nauli ndani ya siku 7, au ufikishwe unakokwenda kwa njia nyingine. Ikichelewa kwa muda wa saa 5 au zaidi unaweza kuachana nayo na kudai nauli. Marekani, kwa kanuni ya 2024, ni saa 3 kwa safari ya ndani na saa 6 kwa ya kimataifa. Lakini ukishakubali vocha au ndege ya kesho, mara nyingi madai ya fedha taslimu yameishia hapo, kwa hiyo usiseme "sawa" kwa haraka. Uliza pia kama wana makubaliano na kampuni ya reli. Baadhi wanayo, na utabadilishiwa tiketi papo hapo kaunta.

Hatua ya 2: Mzigo. Begi ulilokabidhi halikufuati stesheni. Omba lirudishwe, ukionyesha kile kikaratasi cha lebo chenye namba ya tarakimu 10. Kulipata huchukua muda, basi usikate tiketi ya treni inayoondoka sasa hivi.

Hatua ya 3: Viza. Hili linawakwamisha sana abiria wa kuunganisha ndege. Ili ufike kwenye treni lazima upite uhamiaji, hata kama stesheni imo uwanjani, kama Frankfurt au Paris Charles de Gaulle. Huna viza ya kuingia nchi hiyo? Baki ndani, na lidai shirika likupatie ndege nyingine.

Hatua ya 4: Kata tiketi ya treni. Soma jina la stesheni kwa makini, maana Paris peke yake ina stesheni kubwa kadhaa. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, haipandwi bila kiti kilichohifadhiwa. ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, kwa kawaida tiketi yatosha. Tofauti hiyo ni kubwa siku ya vurugu. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, treni zilijaa mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nikienda kwa treni, naweza kurudi kwa ndege kwa tiketi ileile?
Jibu: Usifanye hivyo kimyakimya. Ukikosekana kipande cha kwanza, yaani safari ya kwanza kwenye tiketi yako, mashirika mengi hufuta vyote vilivyobaki. Waombe kaunta waondoe kipande kilichofutwa tu, na wakutumie tiketi mpya ya kurudi kabla hujaondoka pale.

Swali: Treni ni ghali kuliko ndege niliyolipia. Nani analipa tofauti?
Jibu: Ukichagua kurudishiwa nauli, kwa kawaida tofauti ni yako, labda bima ya safari ikusaidie. Kama Ulaya shirika limeshindwa kukupa njia mbadala, tunza risiti udai gharama hizo.

Swali: Na treni ikichelewa nikakosa ndege ya mbele?
Jibu: Tiketi zikiwa mbalimbali, shirika la ndege halilazimiki kukusubiri wala kukubadilishia. Chukua treni inayokufikisha saa kadhaa kabla, hata kama ni ya alfajiri.