Laptopu ya mtumba: iulize betri yenyewe

Jamaa, ukenda madukani Darajani, Unguja, kutafuta laptopu ya mtumba, usitosheke na "betri kali hiyo". Kama inatumia Windows, fungua cmd (dirisha la kuandikia kompyuta amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakwambia ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue, ulinganishe DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, inachobeba sasa. Ukiona 50,000 mWh (kipimo cha umeme unaobebwa na betri) imebaki 20,000, umeme ukikatika tu na kazi ya skuli huna. Omba upunguziwe, au iache. Betri ikiwa imeshabadilishwa kwa ya bandia (na zipo nyingi), namba hizo huweza kudanganya. Hapo chomoa chaja, washa video robo saa, utazame asilimia inavyoshuka. Muuzaji akikataa hilo, nenda duka la pili.