SOMO: Kupitisha smogi California ukiwa na gari lililofungwa vitu visivyo vya kiwandani

Wakuu, jambo hili la kupita smogi (kipimo cha moshi wa magari cha jimbo la California) nimeulizwa mara nyingi mno, naliweka hapa lote ili nipumzike.

Gari langu ni Honda Civic Si ya 2006. Nililinunua Reno, Nevada, mkononi mwa mtu, kisha nikahamia nalo Sacramento. Ukishakuwa mkazi wa California una siku 20 za kulisajili gari DMV (ofisi ya jimbo ya magari), na la umri kama langu hupewi namba bila cheti cha smogi. Nilifeli mara mbili. Na mara zote mbili hakuna aliyelalamikia moshi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea, kwa sababu tumezoea kwamba gari bovu ni lile linalofuka. Kwa gari la petroli la mwaka 2000 kuja juu, hakuna anayeingiza kifaa kwenye egzosi. Fundi anakagua kwa macho chini ya boneti na kwenye mfumo wa egzosi, anatazama taa ya cheki injini, halafu anachomeka waya chini ya usukani na kuisoma kompyuta ya gari. Kwa hiyo unajiandaa kwa mambo mawili: ruhusa za vitu ulivyofunga na kumbukumbu ya kompyuta.

Hatua ya 1: Inua boneti kabla yao. Kila kitu kilichobadilishwa ambacho kinaweza kugusa moshi (bomba la kuingiza hewa, hedazi yaani mabomba ya kutoa moshi kwenye injini, turbo, masega yaani kile kisafisha moshi cha kwenye egzosi) lazima kiwe na namba ya EO. Hiyo ni ruhusa inayotolewa na CARB, bodi ya hewa ya jimbo, na mara nyingi huanza na herufi D. Namba peke yake haitoshi. Iwe imetolewa kwa aina ya gari lako na mwaka wake. Rimu, springi na shokamzoba havimhusu mtu hapa. Egzosi ya kuanzia nyuma ya masega nayo haina shida kwenye smogi, ingawa kelele zikizidi polisi watakushughulikia kivyao.

Mimi nilifeli hapa mara ya kwanza. Fundi alimulika tochi kwenye lile bomba la hewa jekundu alilofunga mwenye gari wa kwanza, akaligeuza, akapapasa kwa kidole mahali palipobaki gundi kavu ya stika, akaniuliza, "Iko wapi?" Bomba ni halali kabisa, ila stika yenye namba ya EO ilibanduka zamani. Niliwaandikia waliolitengeneza, wakaniuzia stika nyingine. Kama hukupata ya kwako, rudisha boksi la hewa la kiwandani. Gereji za kukata magari wanayo tele.

Hatua ya 2: Kompyuta irudi ya kiwandani. Tangu tarehe 19 Julai 2021 kipimo kinaangalia pia kama programu ya kontroli boksi (hiyo kompyuta ya gari) ni ya mtengenezaji au imepewa EO. Ukiwa umetyuni, yaani umebadilisha programu hiyo, bila EO, unafeli hata kama gari linapumua vizuri kuliko jipya. Rudisha ya kiwandani mapema, siyo usiku wa kuamkia kipimo. Sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Usifute kumbukumbu halafu ukakimbilia kituoni. Huu ndio ujinga wangu wa pili. Taa ya cheki injini iliwaka, nikachomoa terminali ya betri usiku, asubuhi taa imezima, nikaenda natabasamu. Mashine ikamwambia fundi kwamba gari halijawa tayari. Kompyuta ina majaribio yake ya ndani: ya masega, sensa za oksijeni, mvuke wa petroli na mengine. Ukichomoa betri au ukiandika programu upya, yote yanaanza sifuri. Gari la petroli la 2000 na kuendelea linaruhusiwa jaribio moja tu lisilokamilika, nalo liwe la mvuke wa petroli.

Hatua ya 4: Endesha. Tenki liwe kati ya robo na robo tatu. Gari lilale usiku mzima, asubuhi uliwashe likiwa baridi, liache dakika mbili tatu lingurume. Ingia barabara kuu, shika mwendo mmoja wa maili 55 hadi 60 kwa saa, halafu achia mafuta lijipunguze lenyewe bila kukanyaga breki, pale ambapo huna mtu nyuma. Baadaye zunguka mjini. Rudia siku kadhaa. Nunua kile kisomaji kidogo cha kuchomeka; kinakuonyesha jaribio gani limeisha kabla hujatoa hela ya watu.

Hatua ya 5: Nenda injini ikiwa ya moto. Bei ya kipimo kila kituo kinajipangia, kwa hiyo ulizia. Cheti kinadumu siku 90.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, taa imezima na majaribio yameisha, bado nimefelishwa kwa msimbo wa kudumu. Ni kitu gani?
Ni misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ambayo huwezi kuifuta kwa kisomaji wala kwa betri. Kompyuta inaifuta yenyewe ikiridhika kwamba tatizo limetengenezwa. Ilianza kuhesabiwa Julai 2019. Kama umeshatengeneza kweli, endelea kuendesha: baada ya kufuta kumbukumbu, gari likishapata joto mara 15 na kutembea maili 200, hawakufelishi kwa msimbo huo.

Kaka, langu ni la 1997. Nalo ni hivyo hivyo?
Hapana. La kwako, kama uko miji mikubwa, linapandishwa kwenye rola na kupimwa moshi wenyewe, kwa mwendo wa maili 15 na 25. Badilisha oili na plagi, na usizime injini ukiwa kwenye foleni.

Nimeweka injini nyingine kabisa. Nifiche?
Utaficha wapi injini, ndugu yangu? Ikiwa ni ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, ya gari la kundi lilelile, na imekuja na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi, weka miadi na Refarii wa Smogi, mkaguzi maalumu wa magari yenye utata kama lako. Vituo vyao vingi viko ndani ya vyuo vya jamii. Akiridhika anabandika stika kwenye fremu ya mlango, na baada ya hapo unapima popote.

Kuna jamaa anasema waya wa kipimo atauchomeka kwenye gari jingine badala ya langu.
Dada, hiyo ni jinai, na takwimu za gari zinazosomwa zinahifadhiwa. Usijaribu.

Sisi huku Dar masega tunayang'oa tu, gari linakuwa jepesi. Kuna ubaya?
Gari likiwa na sensa nyuma ya masega litawasha taa, msimbo P0420, na harufu utaipata mwenyewe kwenye foleni. Halafu fundi anayekwambia yanabana injini, muulize akishayang'oa anayapeleka wapi. Mle ndani mna platini, paladi na rodi.