Namna ya Kukusanya Sarafu za Fedha Zilizookolewa Mahali pa Maafa

Mkusanyaji wa Mbeya au Iringa anayetafuta sarafu ya fedha iliyotolewa kwenye kifusi au kwenye meli iliyozama atambue kwanza kwamba bei anayotajiwa ina sehemu mbili: thamani ya madini, ambayo yeyote anaweza kuikokotoa kwa bei ya fedha ya siku hiyo, na thamani ya historia, ambayo mara nyingi haionekani kwenye sarafu yenyewe. Sehemu hii ya pili ndiyo ghali, na hulipiwa pale tu penye ushahidi.

Mfano ulio wazi ni sarafu za New York. Chini ya jengo namba 4 la World Trade Center kulikuwa na chumba cha hazina cha Bank of Nova Scotia, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, yaliyoua watu karibu 3,000, dhahabu na fedha yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 200 ilitolewa humo kabla ya mwaka huo kwisha. Kulikuwa na sarafu pia, zikiwemo American Silver Eagle, yaani sarafu za Marekani za wakia moja ya fedha, ambazo PCGS, kampuni ya kukagua sarafu na kuzipa daraja la ubora, ilizifungia katika vikasha vya plastiki ngumu vyenye lebo inayotaja zilikotoka. Hazina ilinusurika, hivyo sarafu nyingi hazina alama yoyote ya maafa. Ukiitoa mojawapo kwenye kikasha na kuichanganya na nyingine za mwaka uleule, hata mtaalamu hataweza kuitambua, na kwa sababu hiyo kikasha hakivunjwi kamwe.

Kabla ya kutuma malipo, ingiza namba ya cheti iliyo kwenye lebo ya kikasha katika tovuti ya PCGS, ulinganishe aina, mwaka na daraja la ubora, kisha umwombe muuzaji picha za pande zote mbili na za kingo za kikasha, kwa kuwa walaghai huunda vikasha bandia na kuvibandika namba halali. Ujihadhari zaidi na vitu vilivyotengenezwa baadaye kwa jina la msiba. Mwaka 2004 Eliot Spitzer, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alikwenda mahakamani kuzuia uuzaji wa "dola ya fedha" iliyotangazwa kuwa na fedha ya kutoka kwenye kifusi cha World Trade Center, ilhali ilikuwa imepakwa utando mwembamba tu wa fedha. Kujipatia faida kwa namna hiyo juu ya watu waliokufa ni jambo la kuchukiza, na mimi nisingekigusa kitu cha aina hiyo hata kwa bei ya kutupa.

Sarafu isiyo kwenye kikasha ipimwe. Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya wana mizani midogo ya kielektroniki inayofaa sana kwa kazi hii. Silver Eagle ina uzito wa gramu 31.1 na kipenyo cha milimita 40.6. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, kisha uining'inize sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kitako wala kuta za kikombe. Fedha halisi itasoma karibu gramu 3.0, lakini mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye uzito uleule utasoma karibu 3.5.

Sarafu za baharini zinataka jicho lingine. Meli ya Kimarekani John Barry, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani nje ya pwani ya Oman mnamo Agosti 1944, ilikuwa na riyali za Saudi Arabia milioni 3, na zaidi ya milioni moja ziliopolewa mwaka 1994. Riyali hizo zina uzito na usafi unaokaribiana na wa rupia za Mjerumani ambazo bado zimo katika masanduku ya wazee wetu, yaani gramu 11.6 hivi na fedha ya asilimia 91.7. Maji ya chumvi huila fedha, kwa hiyo upungufu mdogo wa uzito, pamoja na vitundu vidogo juu ya uso, si dalili ya ughushi. Hata hivyo, uchakavu huo hautaji jina la meli, na hati inayoonyesha sarafu ilikotoka bado inahitajika.

Kwa hapa kwetu, asitokee mtu wa kufukua Kalenga au Lugalo akitafuta sarafu za enzi za Mkwawa. Watu walifia pale, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo.

Ukishaipata sarafu, usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, kwani weusi wake ni sehemu ya umri wake na ukishaondoka haurudi. Ishike kwenye ukingo. Ukungu wa Tukuyu na Mufindi huingia hadi kabatini, kwa hiyo tumia kopo linalofunga vizuri lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikichoka. Usitumie mpira wa kufungia noti wala mifuko laini ya plastiki inayonata, na kopo likae mbali na moshi wa jikoni. Risiti, picha na nakala ya cheti zitunzwe mahali pengine, zikiwa na maelezo ambayo mrithi wako ataweza kuyasoma bila kumuuliza mtu.