Lenzi ya mm 15 kwenye Leica M: fokasi iache mita 1

Ukifunga lenzi ya mm 15, inayoona eneo pana sana, kwenye kamera ya Leica M ya dijitali yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya mm 35, usihangaike kulinganisha taswira mbili kwenye kitazamio, jinsi kamera hii inavyofokasiwa kwa kawaida. Weka tundu la lenzi kwenye f/8, zungusha pete ya fokasi hadi mita 1, iache hapo. Kuanzia karibu nusu mita hadi mbali kabisa patatoka wazi vya kutosha.

Kasheshe ni fremu. Mistari ya kitazamio inayoonyesha mipaka ya picha huishia kwenye lenzi ya mm 28, haifiki upana wa mm 15, basi pachika kitazamio cha nje, au tumia skrini kama kamera yako inaruhusu. Mimi huchagua skrini: kamera ikiinama kidogo tu, majengo yanalala, na kwenye skrini naliona hilo. Na vidole vyako viangalie, huingia pichani!

Kingo zikitoka na uzambarau, rekebisha kwenye kompyuta.